Folda ya Printa Iliyokufa

Jumatatu, 3 Machi

Makomredi wa kalamu na makomredi wa ufagio! Ninyi mtakaolisoma daftari hili siku ambayo haki imekwisha kupatikana, jueni kwamba lilianza kuandikwa siku mvua za kwanza zilipoanguka, ndani ya chumba kilicho chini ya ngazi za maktaba, chumba ambacho Chuo kilitupa kikidhani kinatudhalilisha. Kilikosea. Tuna meza moja, viti vitatu vyenye jumla ya miguu kumi na mmoja, ndoo ya kukingia maji yanayovuja, na kompyuta moja kongwe inayounguruma kama mashine ya kusaga. Ndani ya kompyuta hiyo tunaanza leo kuweka silaha yetu.

Silaha gani? Maneno. Wanawake ishirini na watatu waliokuwa wakisafisha mabweni wamefukuzwa kazi kwa sababu walikataa kuendelea kushika kwa mikono mitupu dawa ya kuzibulia mabomba, ambayo Chuo kiliwapa wasugulie sakafu. Nimeiona mikono hiyo. Miwili kati yake ilinilea tangu nikiwa na miaka sita, kwani mmoja wa wanawake hao ni mama yangu mkubwa. Kamati ya Rufaa itakaa tarehe 12 Mei, na imetangaza kwamba haitasikiliza kelele, itasoma maelezo yaliyoandikwa. Vema. Tutaandika.

Mimi ni Katibu wa Umoja wa Wanafunzi, mwaka wa tatu, sheria. Wenzangu wananiita Kipaza, kwa kuwa sijapata kuhitaji kipaza sauti. Nalivaa jina hilo kama nishani.

Jumatano, 5 Machi

Leo ameketi mbele yangu Bibi wa Ngazi. Ndivyo bweni zima linavyomwita, kwa kuwa amesafisha ngazi za ghorofa nne kwa miaka kumi na tisa. Yeye alisema, mimi nikachapa.

"Unaandika kila kitu?" akauliza.

"Kila kitu, bibi."

"Hata nikikohoa?"

"Ukikohoa sitaandika."

"Andika. Hapo inasema dawa, siyo mimi."

Nikaandika: *anakohoa*. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuna mwingine kati ya wale ishirini na watatu aliyeliona. Alikwenda stoo asubuhi kuchukua ndoo, akamkuta mtunza stoo amelaza madumu sakafuni, ana kisu kidogo, anabandua karatasi zenye picha ya fuvu na ya mkono unaoungua. Akamuuliza kwa nini anazibandua. Mtunza stoo akamjibu: "Kwani ninyi mnasoma?"

Makomredi, kesi yetu yote imo katika swali hilo. Walijua! Walijua, wakabandua!

Tuna utaratibu wetu. Nikimaliza kuandika, namsomea shahidi maelezo yake tangu mwanzo hadi mwisho, naye, akiridhika, huweka kiganja mezani na kusema: "Hayo ndiyo maneno yangu, na mkono wangu ndio huu." Bibi wa Ngazi hakukiweka mezani. Alikiweka juu ya skrini, kikaacha alama ya unyevu yenye mipasuko. Sikuifuta.

Ijumaa, 7 Machi

Walinzi wa Chuo wamepekua chumba cha Mwenyekiti wetu. Wamechukua flashi zake zote na kila karatasi, hata barua za mchumba wake. Mwenyekiti ni mtu mpole, anasoma tiba ya mifugo, na amelia kwa ajili ya zile barua kuliko kwa ajili ya nyaraka. Sikumwambia lolote, lakini nililiona.

Nimetoa maagizo. Maelezo ya mashahidi hayatachapishwa kwenye karatasi. Hayatawekwa katika flashi. Tukiwa katika shughuli za Umoja, simu zote zizimwe. Na mahali yalipo maelezo hayo ndani ya kompyuta nitapajua mimi peke yangu.

"Hata mimi nisijue?" akauliza Mwenyekiti.

"Hata wewe. Wakikubana, utakosa cha kuwapa."

Nimeyaficha ndani kabisa, katika folda niliyoipa jina la printa yetu iliyokufa miaka miwili iliyopita. Mtu akiifungua atakutana kwanza na mafaili thelathini ya takataka za printa, ndipo afike kwenye maelezo, nayo nimeyapa majina ya takataka vilevile. Nani atahangaika kufukua kaburi la printa? Nimejicheka kwa furaha. Mapinduzi yanahitaji watu wenye akili ya kuficha.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Shahidi wa kumi na mbili. Mashine imeganda mara nne. Mama wa watu alingoja kimya, mikono ameipakata mapajani kama mapacha wagonjwa.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mashine imeganda mara saba.

Jumatatu, 17 Machi

Nimtambulishe hapa Bisibisi. Yuko mwaka wa nne uhandisi, ndiye fundi wa Umoja, na hakuna mkutano aliowahi kuhutubia. Huketi nyuma, anamenya karanga, maganda anayatia mfukoni mwa shati. Leo ameifungua mashine, akaisikiliza kama daktari, akatoa hukumu.

"Hii haiponi kwa panadoli, Kipaza. Virusi vimeota mpaka kwenye ukuta. Inatakiwa kufutwa yote, iwekewe mfumo mpya, ianze maisha upya. La sivyo itazima siku moja na haitaamka."

"Na vilivyomo?"

"Ndiko huko nakuja. Nabandika karatasi mlangoni. Kila mwenye kitu chake humu aandike jina la faili na mahali lilipo. Nahamishia kwenye diski ya karakana, nafuta Jumamosi, narudisha. Kisichoandikwa ni takataka, kinakwenda na maji."

Mwenyekiti akakubali. Karatasi ikabandikwa. Kufikia jioni watu sita walikuwa wamejiandikisha: katiba ya Umoja, orodha ya wanachama, picha za mahafali, shairi la mtu fulani la mapenzi.

Mimi sikuandika. Je, niandike mlangoni, palipo wazi kwa kila mpita njia, kwamba maelezo ya mashahidi wetu yamo mahali fulani? Huo si ujinga tu. Ni kumchorea adui ramani. Jumamosi asubuhi, kabla Bisibisi hajaanza, nitakuja mwenyewe niyahamishe kwa mkono wangu. Na liko jambo jingine ambalo naliandika hapa kwa mara ya kwanza: mjomba wake Bisibisi ni dereva wa Msajili wa Chuo.

Alhamisi, 20 Machi

Jana tulimaliza. Maelezo ishirini na matatu, na la mwisho ni la mama mkubwa.

Leo asubuhi Bibi wa Ngazi amefariki. Kifua. Kikohozi kile nilichokiandika.

Kesho naondoka alfajiri kwenda kwao kumzika, na Jumamosi asubuhi nitakuwa nimerudi kwenye mashine. Nitasema juu ya kaburi lake maneno ambayo Chuo kitayasikia kikiwa mbali.

Jumapili, 23 Machi

Naandika nikiwa bado na tope la kaburini viatuni.

Tulimzika juzi katika tope. Nilihutubia kwa nusu saa, mvua ikitunyeshea, binti yake alinishika kiwiko, akaniambia taratibu, "Inatosha, dada, watu wanalowa." Nikamsamehe, kwani msiba humwondolea mtu nguvu ya kusikiliza. Jana daraja lilijaa maji, hakuna gari lililovuka. Nimefika leo mchana, nikaenda moja kwa moja hadi chini ya ngazi za maktaba.

Bisibisi alikuwa amechuchumaa, anasafisha feni kwa brashi ya rangi, uso wote unang'aa.

"Karibu, Kipaza. Pole na msiba. Hebu iwashe uone! Zamani ungechemsha chai na kuinywa. Sasa hata sukari hujakoroga, imeshaamka."

Niliwasha. Ilikuwa kweli. Ilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Nikatafuta.

"Folda ya printa iko wapi?"

"Printa ipi? Ile maiti?" Akacheka. "Nimeizika. Haikuwa kwenye orodha, na printa yenyewe tulishaitupa."

"Humo ndimo yalimokuwa maelezo."

"Maelezo gani?"

"Yote."

Brashi ilimtoka mkononi. Akasema, sauti imeshuka: "Nilikupigia simu mara tisa jana. Mara tisa, Kipaza. Ilikuwa imezimwa, kama ulivyotuagiza. Nikamuuliza Mwenyekiti, akasema Katibu angekuwa na kitu angeandika mlangoni."

"Nani alikutuma ufute folda ile?"

"Hakuna aliyenituma, nakwambia haikuwa..."

"Mjomba wako anaendesha gari la nani?"

Aliiokota brashi. Kisha akanijibu: "La Msajili. Na mama yako mkubwa alikuwa anafagia bweni la nani? Si la Chuo hichohicho?"

Alinyoosha mkono akachomoa waya ukutani, skrini ikafa. "Sikia. Ugomvi tutagombana baadaye. Hii mashine isiwashwe tena. Kufuta hakuondoi maandishi; kunaondoa anwani tu, maandishi yanabaki palepale yalipolala. Mfumo mpya umekula kidogo, lakini sehemu kubwa naweza kuipata. Ila mtu asiandike chochote juu yake. Hata barua. Unanielewa?"

Nilimwelewa, makomredi. Nilielewa kwamba mtu aliyefuta ushahidi wa wanawake ishirini na watatu, mmoja wao akiwa kaburini kwa siku mbili, sasa anatuomba tusiitumie silaha pekee tuliyobaki nayo. Nilimwambia atoke.

Jumatano, 26 Machi

Mkutano wa dharura, ukumbi umejaa hadi madirishani. Nilizungumza kwa dakika arobaini. Sijawahi kuzungumza vile. Niliuliza: ni nani aliyenufaika? Niliuliza: ni kwa bahati gani kifutwe kile kimoja tu kinachokitia Chuo hatiani? Niliuliza: ni damu ya nani inayokula meza moja na Msajili? Na kila swali ukumbi ulijibu kabla sijalimaliza.

Bisibisi aliitwa ajitetee. Alisimama, maganda ya karanga mfukoni, akasema maneno haya tu: "Orodha ilikaa mlangoni siku tano. Naomba mashine isiwashwe." Akaketi.

Akafukuzwa uanachama kwa kura za wajumbe, thelathini na nne dhidi ya tatu. Mwenyekiti hakupiga kura. Alisema anaumwa tumbo. Bisibisi alipopita mlangoni mtu mmoja alimvuta shati, kifungo kikakatika kikabingirika sakafuni hadi miguuni mwangu. Niliona kifungo hicho ni kidogo sana kwa usaliti mkubwa kama ule.

Alhamisi, 27 Machi

Chini ya mlango nimekuta karatasi kwa mwandiko wake: *Msiitumie. Kila mnachoandika kinakaa juu ya kitu. B.* Nimeikunja nikaitia ndoo ya maji ya mvua. Kisha nikaiwasha mashine, nikaandika waraka wa kurasa kumi na nne dhidi yake. Mashine inakimbia kama swala.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Waraka umesambazwa vitivo vyote. Ukurasa wa kwanza unatangaza: *Ushahidi wote umeteketezwa na msaliti tuliyemlisha wenyewe.* Tunatengeneza mabango kwenye mashine, picha kubwa za mikono. Vijana wa sanaa wameingiza na video za maandamano. Zinajaa, tunaongeza nyingine.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Video. Mabango.

Alhamisi, 17 Aprili

Kwa wiki mbili nimezunguka kuwatafuta wale wanawake wayatoe maelezo yao upya. Nimewapata wanane. Wengine wamehamia kwa watoto wao, wengine wamepata vibarua mbali, na wawili walinifungulia mlango, wakanitazama, wakasema kwa adabu kabisa: "Mwanangu, sisi tulishasema," wakaufunga.

Leo nimekwenda kwa mama mkubwa. Nilimkuta ameketi juu ya kigoda chumbani kwake, anapaka mafuta mikononi, kidole baada ya kidole.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekonda. Unakula au unahutubia tu?"

Nikamweleza kila kitu: Bisibisi, mjomba wake, waraka. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Huyo kijana," akasema, "alibandika karatasi mlangoni?"

"Alibandika."

"Kwamba mwenye kitu chake aseme?"

"Ndiyo."

"Nawe ulisema?"

"Mama mkubwa, wewe hujui mambo ya usalama wa harakati..."

"Sijui. Mimi najua kufagia." Alifunika kopo la mafuta. "Muhula ukiisha tunasafisha vyumba. Kila mlango, kabla hujagusa kitu, unabisha mara tatu unauliza: *Kuna cha kubaki?* Ndiyo kazi inavyokwenda. Akisema viatu vyangu, unaweka viatu pembeni. Akinyamaza, unabeba vyote unapeleka jalalani. Mwaka fulani binti mmoja alificha mkufu wa mama yake ndani ya soksi chafu, ameitupa chini ya kitanda na matambara. Nikabisha, nikauliza, yumo ndani anasikia, kanyamaza. Anaogopa wenzake wasijue ana mkufu. Nikabeba. Kesho yake kaniita mwizi mbele ya bweni zima. Wakanipekua mpaka nguo ya ndani."

Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati.

"Hukuwahi kunieleza," nikasema.

"Ulikuwa darasa la sita. Ningekueleza nini?" Kisha akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Yule bibi alikohoa ukaandika. Mimi nililia ukaandika. Ulituambia maneno yetu yako mahali salama. Wewe ndiye uliyeyaweka kwenye soksi chafu, mwanangu, na alipobisha ukanyamaza."

Nilitaka kumjibu. Mimi, Kipaza! Nilitafuta sentensi, na kila niliyoipata ilikuwa ya waraka wangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Siku kumi na moja sikuandika, kwa kuwa sikuweza kuandika kitu ambacho si uongo. Hebu nijaribu.

Nilijua tangu Jumapili ile. Alipotamka neno *orodha* nilijua. Niliijua hatia yangu kwa muda mfupi kuliko ule wa kuvuta pumzi, kisha nikainua sauti ili nisiisikie. Nilihitaji msaliti. Nikamtengeneza kutokana na mjomba dereva na maganda ya karanga.

Leo nimekwenda karakana ya uhandisi. Bisibisi alikuwa anachomelea waya, hakuinua kichwa.

"Katibu," akasema. Hakuniita Kipaza.

"Nimekuja kuomba radhi. Kosa lilikuwa langu."

"Uliniita msaliti kwenye kipaza sauti. Radhi unaniletea karakana, tuko wawili, mlango umefungwa."

Akarudi kwenye waya wake.

"Mashine mmeitumia?" akauliza.

"Tumeitumia."

"Sana?"

"Waraka. Mabango. Video."

Alizima chombo chake cha kuchomelea, akakiweka chini polepole mno, kama mtu anayejizuia asikitupe. "Video," akasema. "Ungechukua nyundo tu, ingekuwa haraka zaidi."

Nilisimama pale nikimtazama akifuta mikono. Shati lake lilikuwa na kifungo kimoja cha rangi tofauti.

"Bibi wa Ngazi alikuwa ananiamsha mitihani ikifika," akasema hatimaye. "Anagonga na mpini wa fagio: amka, mhandisi, daraja litaanguka. Nitajaribu kwa ajili yake. Wewe usiniletee chai, usinishukuru, usikae karibu yangu."

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imeanza kupungua. Bisibisi alifanya kazi siku tano. Niliketi nje ya mlango, juu ya ngazi, kama alivyoagiza. Leo adhuhuri alifungua mlango akaniita.

Maelezo tisa yamepatikana yakiwa mazima. Sita ni vipande. Manane hayapo tena duniani. Yale tisa mazima yanasema yote kuhusu maumivu, lakini hakuna hata moja linalosema juu ya karatasi zilizobanduliwa. Lile moja linalosema liko miongoni mwa vipande.

"Soma mwenyewe," akasema, akasogeza kiti.

Nilisoma. Lilikuwapo neno *anakohoa*. Ilikuwapo ndoo, stoo, asubuhi. Kisha mstari huu, ambao naunakili kama ulivyokuwa kwenye skrini:

*nikamkuta amelaza madumu chini, ana kisu kidogo, anabandua msaliti asiye na haya, ambaye historia itamtapika, na vizazi vijavyo vitalitamka jina lake kwa kinyaa*

Na kuanzia hapo, hadi mwisho wa faili, ni mimi. Ukurasa wa sita wa waraka. Sauti ya Bibi wa Ngazi inafika kwenye kisu, halafu naanza kuhutubia mimi.

Nilitafuta chini kabisa yale maneno ya kiganja. Hayapo. Mahali pake pameandikwa: *Mapambano yanaendelea!*

"Hivyo ndivyo inavyokuwa," akasema Bisibisi. "Kinachoandikwa juu ndicho kinachobaki." Hakulisema kwa ukali. Laiti angelisema kwa ukali.

Alikusanya waya zake. Mlangoni akageuka, akamwaga maganda ya karanga kutoka mfukoni ndani ya ndoo ya mvua, akaondoka.

Jumatatu, 12 Mei

Kamati imekaa. Profesa anayeiongoza alibadilisha miwani mara tatu kabla ya kufungua jalada letu. Mama mkubwa na wenzake saba walikuwapo, wamevaa nguo zao safi, mikono wameificha chini ya meza.

Mtunza stoo aliulizwa kuhusu karatasi za madumu. Akajibu kwa utulivu kwamba madumu yalikuja hivyohivyo, hayana karatasi. Nilisimama, nikaeleza alichoniambia Bibi wa Ngazi.

"Wewe uliona?" akauliza profesa.

"Niliambiwa, na nikaandika."

"Na alichokisema, ulichokiandika, kiko wapi?"

Niliwapa kile kipande. Alikisoma kwa sauti, hadi kwenye kisu, hadi kwa msaliti asiye na haya. Akasita, akarudia mstari. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine.

Kisha mwanasheria wa Chuo akanyanyua karatasi ambazo nilizitambua kwa mbali. "Waraka huu ni wenu? Umetiwa sahihi na Katibu? Ukurasa wa kwanza unasema ushahidi wote umeteketezwa. Umesambazwa tarehe 2 Aprili." Akamgeukia mtunza stoo na kutabasamu kidogo, na mtunza stoo akatazama dari. Nikaelewa utulivu wake ulitoka wapi. Sikuwa nimewaficha adui chochote. Nilikuwa nimewaandikia barua ya kurasa kumi na nne kuwapa habari njema.

Rufaa imetupiliwa mbali: yale maelezo tisa, akasema profesa, hayawezi kuaminiwa ikiwa wenyewe tumetangaza kwamba yaliteketea. Wanawake ishirini na watatu hawarudi kazini, na hakuna atakayeulizwa tena kuhusu kile kisu.

Nje jua lilikuwa linawaka. Mama mkubwa alitandaza mikono yake mbele yake, akaitazama pande zote mbili.

"Nisamehe, mama mkubwa."

"Mimi nitakusamehe, wewe ni mtoto wangu, nitafanyaje?" akasema. "Lakini hao saba si mama zako. Na yule kijana si ndugu yako. Huko ndiko uende."

Alhamisi, 15 Mei

Mvua zimekwisha. Ndoo imekauka, ndani yake maganda ya karanga yameganda na karatasi ambayo haisomeki tena. Alama ya kiganja kwenye skrini haipo. Bisibisi aliifuta siku ile alipoisafisha mashine, na alikuwa na haki ya kuifuta, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ni ya nani.

Makomredi wa kalamu na makomredi wa ufagio! Nililianza daftari hili nikidhani nawaandikia historia ya ushindi, mtaisoma mkiwa mmestarehe. Nimebadili wasomaji. Nitawasomea mwenyewe, kwa sauti ileile niliyotumia tarehe 26 Machi, ukumbi uleule, bila kuruka ukurasa. Hata ule wa kifungo, hata ule nilioandika kwamba mapinduzi yanahitaji watu wenye akili ya kuficha. Kisha nitaomba kura mbili: ya kufuta uamuzi dhidi ya Bisibisi, na ya kuniondoa katika nafasi ya Katibu. Mwenyekiti anasema nisubiri hadi muhula ujao, watu watakuwa wamesahau. Ndiyo maana sisubiri.

Mama mkubwa atakuja na wenzake saba. Nimempelekea Bisibisi taarifa. Amejibu kwa mstari mmoja kwamba ana kazi karakana siku hiyo, na sina haki ya kumwomba zaidi.

Daftari hili nimelinakili mara tatu, kwa mkono. Nakala moja iko kwa mama mkubwa, moja kwa Mwenyekiti, moja kwa binti wa Bibi wa Ngazi. Nimebandika mlangoni mahali zilipo.

Hayo ndiyo maneno yangu, na mkono wangu ndio huu.

Mkutano ni Jumamosi hii, tarehe 17 Mei, saa nne kamili asubuhi, ukumbi mkubwa. Milango itakuwa wazi. Mwenye cha kusema aje akiseme mbele yangu.